Tulipolala Ndani ya Shiraa ya Bibi

Tulipokuwa wadogo, sisi wa Lamu ya miaka ya sitini, safari ilikuwa jambo zito. Mtu aliyekwenda Mokowe, ng'ambo tu ya mkondo, mahali unapoweza kupaona ukiwa umesimama gatini na kitumbua mkononi, aliaga nyumba saba, akasomewa dua, akafungiwa mkate wa mofa kama anayekwenda Hijazi. Akirudi jioni ile ile, watu walimzunguka wamwulize habari za bara. Naye alikuwa nazo! Siku hizi wanangu hutoka Nairobi kwa ndege asubuhi, wakala kwangu chakula cha mchana, na ukiwauliza wameona nini njiani wanakwambia, "Mama, kulikuwa na mawingu." Nimesomesha watoto wawili hadi chuo kikuu ili waje waniambie kulikuwa na mawingu.

Nayasema haya nikijua kwamba sina haki kubwa ya kulalamika. Nami nimesoma, nimesafiri, nimelala katika miji ambayo mama yangu asingeweza kuitamka, na mengi niliyoyaona huko nimeyasahau. Safari moja tu ndiyo niliyoibeba nzima kichwani, na haikufika hata maili kumi. Niliifanya nikiwa na miaka minane, pamoja na Baba, Mama na punda wa kukodi. Kisha nikaiharibu kwa ulimi wangu mwenyewe. Watu wa rika langu watanielewa. Vijana nawaomba wavumilie. Mawingu hayamo humu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, yenye kuta nene kiasi kwamba mchana wa jua kali ndani kulikuwa na ubaridi wa kisima. Ilikuwa ya Mama, kama ilivyokuwa desturi kwa nyumba za namna ile: binti akiolewa hupewa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Ghorofa ya juu alikaa Bibi, mama yake Mama. Baba alikuwa karani wa ghala la boriti, mtu wa Kipungani kwa asili, mtoto wa wasuka mikeka, na kwetu aliishi kama mgeni anayependwa lakini anayeangaliwa anapokanyaga. Sijapata kumwona mtu aliyevipanga viatu vyake mlangoni sambamba kama Baba.

Asubuhi tuliamshwa na harufu ya kahawa na moshi wa makuti. Tulikunywa haraka, tukakimbilia chuoni na misahafu kifuani, tukasoma kwa sauti mpaka makoo yakakauka, kisha tukarudi kucheza mdako kwenye ngazi za mlangoni, vijiwe vikiruka na kudakwa, mpaka mtu mzima mmoja apite aseme, "Nyinyi hamna kwenu?" Mtu mzima yeyote alikuwa na haki ya kukuuliza hivyo, na ya kukupiga kofi ukimjibu. Leo ukimwuliza mtoto wa mtu kama hana kwao, atakujibu kwa Kiingereza.

Mama hakutoka mchana. Wanawake wa nyumba kama yetu walitoka baada ya magharibi, ndani ya buibui, na hata hapo kwa sababu inayotajika: harusi, matanga, mgonjwa. Kwenda kwa jirani hawakuhitaji kushuka njiani. Kulikuwa na wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba na nyumba, ambamo sahani za vyakula na habari za watu zilipita siku nzima. Kwa hiyo Mama aliijua Lamu ya jioni tu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na hakuwahi kuiona bahari kuu, ile ya Shela inayovunja mawimbi, mwendo wa saa moja kutoka kitandani pake. Alidai kwamba siku za kusi, watu wote wakinyamaza, aliisikia. Tulikuwa hatunyamazi vya kutosha.

Zama za Bibi mambo yalikuwa mazito zaidi. Hata buibui halikuwapo. Mwanamke wa heshima alitembea ndani ya shiraa, yaani kitambaa kipana, kizito, kilichoinuliwa kwa vijiti kikamzunguka pande zote: chumba cha nguo kinachotembea njiani na mtu wake ndani. Yake Bibi ilikuwa ya rangi ya nili, imekunjwa sandukuni pamoja na vijiti vyake na maua ya asumini yaliyokauka. Hakuna aliyeivaa tena mjini, lakini Bibi alikuwa ameiusia: siku akifa, jeneza lake lifunikwe kwa shiraa ile. "Niliendea harusi yangu ndani yake," alikuwa akisema, "na kaburini nitaendea ndani yake." Sisi watoto tuliruhusiwa kulinusa sanduku tu.

Sasa, siku moja Baba alirudi na iliki. Mwenye duka alikuwa akinunua magazeti makuukuu ya Kizungu kwa ajili ya kufungia vitu, hivyo katika nyumba za Lamu ungeweza kufungua manjano ukakuta malkia, au kufungua kungu manga ukakuta nusu ya mchezaji mpira. Iliki ile ilifungwa kwa ukurasa wenye picha kubwa. Palikuwa na gari refu la rangi ya maziwa. Palikuwa na hema. Mbele ya hema mwanamume na mwanamke walikuwa wameketi juu ya viti vya kukunja, wanakunywa kahawa. Nyuma yao hapakuwa na kitu ila mchanga, mpaka ukingo wa dunia.

Baba alijua Kiingereza cha kuhesabia boriti. Aliyasoma maneno ya chini polepole, kidole kikimtangulia. Walikuwa mke na mume, Wamarekani, wamelivuka jangwa la nchi yao kwa gari kuukuu, wakilala nje kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa hoteli.

"Hawana nyumba hawa?" Mama aliuliza.

"Wanayo. Wameiacha."

"Wamefukuzwa?"

"La, Bi Zena. Wanatembea tu. Wanaangalia nti yao."

Mama aliuchukua ukurasa, akakung'uta maganda ya iliki. "Huu ni mchanga," alisema.

"Ni mchanga."

"Bwana, si Shela kuna mchanga?"

Baba alicheka. Kisha akamtazama, akaona kwamba mwenzake hakucheka.

Ule ukurasa Mama aliutia kwenye kidaka cha ukutani, nyuma ya sahani ya Kichina, na kila aliposafisha sahani ile aliusafisha na ukurasa. Sahani nyingine zilikaa na vumbi lake.

Ndiyo maana shangazi yake Baba alipougua Kipungani, nyumba yetu ilipata furaha isiyolingana na ugonjwa wa mtu. Kumzuru mgonjwa ni wajibu. Bibi mwenyewe hangeweza kukataa. Alitoa ruhusa akiamini tutakwenda kwa mashua kupitia mkondo, kama watu wote, Mama akiwa amefunikwa na kufika kabla ya adhuhuri. Baba hakuwa na uwezo wa mashua ya peke yetu, na kwa mara ya kwanza maishani umaskini wake ulimfaa. Alikodi punda. Tungepita ufukoni, nyuma ya vilima vya mchanga, kwa miguu. Njia ya nusu siku. Sisi tulitumia siku tatu.

Gari hatukuwa nalo, na Lamu haikuwa na njia ya kulipitisha. Kilichobaki ni hema. Alasiri moja Bibi akiwa juu ya msala akisali, nilimwona Mama akifungua lile sanduku, akaitoa shiraa pamoja na vijiti vyake, akaweka mahali pake shuka mbili zilizokunjwa kwa umbo lile lile. Aligeuka akaniona.

"Wewe hukuona," alisema.

"Sikuona," nilisema.

Nilikuwa mtoto hodari wa kutunza siri za siku moja.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Mpaka Shela Mama alitembea kama alivyotembea siku zote, uso umefunikwa, hatua fupi, karibu na ukuta hata pale ambapo kuta zilikuwa zimekwisha. Tuliipita nyumba ya mwisho. Vilima vya mchanga vikaanza upande wa kulia, vyeupe, virefu kuliko nyumba yetu, na upande wa kushoto ikafunguka bahari kuu, jua likiwa limeinuka juu yake kiasi cha shubiri. Mama alisimama. Alisimama muda mrefu hata punda akachoka kusubiri akaendelea peke yake, Baba akamkimbilia.

"Ni kubwa hivi kila siku?" Mama aliuliza.

"Kila siku," Baba alijibu, akiwa ameshika kamba ya punda, kama mtu anayeomba radhi kwa kutosema mapema.

Mama alifunua uso. Akavua viatu. Akapanda kilima cha kwanza kwa mikono na miguu, mchanga ukimrudisha nyuma kila hatua, na alipofika kileleni akageuka, akashuka mbio. Mama! Mtu ambaye nyumbani hata ngazi alizishuka kwa ubavu. Katikati ya kilima miguu ilimshinda, akaanguka, akabingirika mpaka chini, buibui likamzonga, akabaki amelala chali akicheka. Nilikuwa nimeishi naye miaka minane, na sikujua kwamba ana kicheko kikubwa hivyo. Kilianza chini kama kikohozi, kikapanda, kikakatika, halafu kikamalizikia kwa kwikwi moja ndogo ya juu, kama ya mtoto. Baba alisimama akimtazama. Nadhani siku ile ndiyo aliyomwoa.

Kulisimamisha hema kulikuwa kichekesho. Baba, karani, aliushika ule ukurasa mkononi na kuifuata picha kama mtu anayefuata hati ya mahakama. Lakini Wamarekani walikuwa na vigingi, na kigingi hakikai katika mchanga wetu. Alikipigilia, kikalala. Upepo ukaiinua shiraa, ikamfunika mwenyewe, akawa anatembea humo ndani akituita, na Mama akamwambia, "Karibu harusini, Bwana!" Mwishowe Mama ndiye aliyeona njia: makapu mawili ya shogi, yale ya mgongoni mwa punda, yakajazwa mchanga, kamba zikafungwa humo, shiraa ikasimama. Tulipogeuka kuilinganisha na picha tukakuta punda amekwisha kuila picha, gari, viti na jangwa lote, anamalizia kona yenye harufu ya iliki. Hivyo Marekani yetu iliishia tumboni mwa punda, na tangu hapo tulifanya tulivyojua wenyewe.

Tulikula samaki wa ng'onda, waliokaushwa, na mkate wa mofa na tende. Tulikunywa maji yenye ladha ya galoni. Mdila wa kahawa ulikaa juu ya seredani ndogo ya makaa, na kahawa ilikuwa na mchanga, na mkate ulikuwa na mchanga, na hakuna aliyelalamika. Siku ya pili mchana akapita mtu ameinamia mzigo wa mikeka, anakwenda mjini. Mama akaingia ndani ya shiraa upesi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," Baba alijibu.

"Bwana, mumepotea ndia?"

"La, hatukupotea."

"Punda ameumia?"

"Mzima kabisa."

"Basi mwafanyani hapa?"

"Tumekaa."

"Mumekaa." Yule mtu aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Bwana, hapa hapana mai, hapana kivuli, hapana mtu."

"Ndiyo tuliyoyajia!" Mama alisema kutoka ndani ya shiraa.

Sauti ya mwanamke, tena ya mjini, kutoka ndani ya kitambaa! Yule mtu alishtuka, akageuza macho yake akayatia kwa punda, akamtazama punda kwa makini kama anayetaka kumnunua. "Basi kaani kwa amani, Bi," alimwambia punda, akajitwika mzigo wake akaenda. Tulicheka mpaka machozi. Sikujua wakati ule kwamba nimemwona muungwana. Mtu yule alifika mjini siku ile ile, akauza mikeka yake mitaa yote, akakaa vibarazani akanywa kahawa za watu. Hakutusema popote. Hatukumfahamu, hatukumwomba, naye aliufunga mdomo wake.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mama alichukua kijiti akachora mchangani. Hapa ni Lamu. Hapa ni Pate. "Mwaka ujao," alisema, "tutashuka Mtangawanda, gati la Pate, twende kwa miguu mpaka Siyu, mpaka Faza."

"Inshallah," Baba alisema.

"Mwaka wa pili, Kiwayu. Mwaka wa tatu tutapanda basi Mokowe, tuione Mombasa."

"Bara hakupitiki siku hizi, Bi Zena. Shifta wanashambulia mabasi."

"Kwani mwaka wa tatu ni kesho?" Alichora kisiwa juu ya kisiwa mpaka akamfikia punda, akamzunguka punda kwa mstari na kuendelea. Kisha akanigeukia. "Rukia mwanangu. Haya ni yetu sisi watatu. Bibi akijua, yatakwisha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hata Saada wa chuoni?"

"Hata Saada."

Tulifika Kipungani siku ya tatu, tukamkuta shangazi yake Baba amepona na anasuka. Tulirudi Lamu kwa mashua iliyobeba mikeka, Mama amefunikwa, hatua zake fupi. Shiraa ikakung'utwa, ikakunjwa, ikarudi sandukuni chini ya maua yake. Bibi aliuliza, "Mgonjwa hajambo?" Mama akasema hajambo. Yote yalikuwa salama. Yalikaa salama siku kumi na moja.

Saada alikuwa rafiki yangu chuoni, na mwaka ule alikuwa amepelekwa Mombasa kwa jahazi. Alirudi akiwa mtu mwingine. Kila mwalimu alipotoka kutawadha, Saada alitusomea Mombasa yake: amepanda gari, ameona taa zinazowaka zenyewe njiani, amekula barafu ya kijiti, ya waridi. Barafu ile tuliila kwa masikio kutwa.

"Na wewe Rukia," akaniuliza siku hiyo mbele ya wote, "umekwenda wapi likizo?"

"Kipungani."

"Kipungani!" Wasichana waliangua kicheko. "Kuna nini Kipungani? Umeona mikeka?"

Ningeweza kunyamaza. Kila nikifika hapa, baada ya miaka yote hii na shahada zangu mbili, bado namtazama yule mtoto namwambia anyamaze, naye hanisikii.

"Nimelala jangwani," nilisema.

"Muongo mkubwa we!"

"Wallahi. Nimelala hemani, kama Wamarekani. Ndani ya shiraa ya Bibi."

"Muongo! Mamako hatoki!"

"Alitoka. Akafunua uso mchana, akapanda mchanga, akakimbia, akaanguka, akacheka hivi." Na nikakitoa. Nilikuwa hodari wa kuiga watu. Mwalimu aliwahi kunichapa kwa kumwiga anavyokohoa. Nilikitoa kicheko cha Mama chote, tangu kikohozi cha chini mpaka ile kwikwi ya mwisho. Hapo waliniamini. Mtu hawezi kubuni kicheko kama kile. Kwa muda wa dakika tano nilikuwa mkubwa kuliko Mombasa.

Habari ilifika kabla yangu. Ilipita kwenye wikio pamoja na sahani ya vibibi, vile vikate vya mchele. Niliporudi, nilimkuta Bibi ameketi kiwandani, uani kwetu, juu ya mkeka, shiraa imetandazwa magotini, na pini mkononi. Alikuwa anatoa mchanga katika mapindo yake, chembe kwa chembe, anaweka kwenye kisahani. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alifanya kazi ile siku mbili.

Wajomba walikuja wakaketi na Baba kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, wakasema naye kwa sauti ya chini ya watu wenye adabu. Waliyosema sikuyasikia. Nilimsikia Baba tu. "Ndiyo." Kisha, "Ndiyo." Kisha, "Haitakuwa tena."

Bibi naye alimwita Mama. "Zena," alisema, bila kuinua macho yake kutoka kwenye pini, "mimi nimekunyima nini?"

"Hukuninyima kitu, Mama."

"Wamekuona watu?"

"Mmoja. Aliangalia punda."

"Nguo hii naingojea siku yangu. Wewe umeifanya banda." Aliiopoa chembe nyingine akaiweka kisahanini, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Bibi hakuwa na hasira, alikuwa ameumizwa. "Niapia, mwanangu. Maadamu mimi ni hai, hutatoka tena ndia hiyo."

Mama aliapa.

Mimi hakuna aliyeniadhibu. Ijumaa iliyofuata Mama alinikalisha miguuni pake dirishani kunisuka, na mafuta ya nazi kando. Chini kichochoroni wasichana walipita wanacheza. Mmoja akakohoa kidogo, akapanda, akakatika, akamalizia kwa kwikwi ya juu. Wengine wakaangua kicheko, na mwingine akajaribu, na mwingine. Vidole vya Mama vikasimama kichwani mwangu.

"Ni mimi huyo?" aliuliza.

Niliyasogeza mafuta ya nazi karibu naye.

"Yote ungesema, Rukia. Nguo, punda, mchanga. Kicheko ungeniachia."

Akaendelea kusuka. Hakuvuta nywele hata kidogo. Tangu siku ile, akitaka kucheka, alijifunika mdomo kwa ncha ya leso, na kilichotoka humo kilikuwa kidogo, cha mtu yeyote.

Kiapo kile kilikuwa na mwisho wake, na nadhani Baba na Mama waliungojea bila kuutaja, kwa kuwa kuutaja kungekuwa kumtakia Bibi kifo. Lakini Baba alitangulia. Nilikuwa kidato cha tatu. Aliumwa wiki mbili, akaondoka, viatu vyake vikabaki mlangoni sambamba. Bibi alimfuata mwaka uliofuata. Tulipoikunjua shiraa kufunika jeneza lake, mchanga kidogo ukadondoka sakafuni, mweupe, ule ulioishinda pini. Wanawake wote waliuona. Mama akaendelea kuinyoosha nguo juu ya mama yake, kona kwa kona, kwa upole, kisha akafagia.

Baadaye nilimwambia, "Mama, sasa kiapo kimekwisha. Twende Mtangawanda, mimi nawe."

"Safari ile ilikuwa ya watu wawili, mwanangu," alisema. "Wewe ulikuwa mzigo juu ya punda."

Nikaenda zangu ng'ambo kusoma, na huko nikaolewa na mwanafunzi mwenzangu wa kwetu pwani. Likizo moja, mimi na mume wangu, mafukara wawili wenye vitabu vingi, tuliazima gari kuukuu la rafiki, tukanunua hema la mtumba, tukalivuka jangwa la Marekani. Lile lile la kwenye iliki. Tulikula maharagwe ya kopo siku sita. Vigingi vilikaa vizuri kabisa. Ardhi yao ni ngumu. Tuligombana kuhusu ramani, tukagombana kuhusu nani alisahau kufunga maji, na tulipofika mahali penye vilima vya mchanga nilimwambia asimamishe gari. Nilikipanda kilima kirefu kuliko vyote. Nikageuka, nikashuka mbio, nikaanguka kwa makusudi, nikabingirika, nikalala chali nikasubiri kicheko. Kilichokuja ni mchanga mdomoni. Mume wangu akasema kutoka dirishani, "Umeumia?"

Niliporudi Lamu nilimsimulia Mama. Alisikiliza yote, mikono juu ya magoti.

"Mlilala hemani? Mchana watu wakipita?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nani aliwasema?"

"Hakuna. Hakuna aliyetujua."

"Na ulicheka?" aliuliza.

"Nilicheka, Mama."

"Vyema." Akanikaribia, akashusha sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine na wikio lilikuwa limezibwa siku nyingi. "Basi usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Ile siri niliitunza kwa wepesi, maana haikuwa na kitu ndani. Mama naye amekwenda sasa, na Mtangawanda sijashuka mpaka leo. Kila ninapopanga huona sina wa kunibeba, mimi mzigo.

Kusi hii nilikwenda Shela peke yangu, asubuhi, kwa miguu, nikapumzika mara nne ambapo zamani sikupumzika hata mara moja. Pale vilima vinapoanzia niliwakuta mke na mume, vijana wa mjini kwetu, mke ndani ya buibui, uso wazi, amevua viatu. Alipanda, akakimbia, akaanguka. Akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kibaya kidogo, cha kweli. Mume alikuwa bado anahangaika na kamera yake. "Rudia!" alimwambia. "Sikuipata." Yule msichana akapanda tena, akaanguka tena, akacheka tena vizuri zaidi, meno yakiwa yamepangika, wakaitazama picha pamoja, wakaridhika. Enzi zetu mwanamke alicheka mara moja na mji mzima ukamsikia, akalipa maisha yake yote. Hawa hawatalipa kitu, nawaombea hivyo, na picha yao itaonwa na watu wasiojulikana idadi. Lakini kile kicheko cha kwanza kamera haikukipata. Nilikisikia mimi tu.

Niligeuza uso, kama yule mtu wa mikeka, nikatafuta punda wa kumtazama. Hapakuwa na punda.